Shangazi Hulda na Uzio Mweupe

Risala ya wakazi wa Kolonia ya Wasokotaji, Lindenroda, kwa Ndugu Naibu Waziri wa Viwanda vya Kemikali, siku ya kufungua maabara mpya ya utafiti, Juni 1959

Mgeni rasmi, Ndugu Naibu Waziri uliyetoka Berlin kabla jogoo hajafikiria kuwika, Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda, ndugu wa kamati ya mapokezi mliosimama karibu sana na kipaza sauti hiki kana kwamba kitatoroka, wapiga tarumbeta, wananchi wote mliofua nguo zenu kwa ajili ya leo: tunawasalimu.

UKARIBISHO

Karibu Lindenroda. Meza ile yenye kitambaa cha buluu ina kahawa ya kweli, si ya shayiri, na keki ya makombo ya siagi. Siagi tumechanga nyumba kwa nyumba. Ukikuta kipande kimeungua pembeni, hicho ni cha nyumba namba kumi na moja, nao wanajijua.

Tumeagizwa tukuombe, kwa lugha ya heshima, usiegemee uzio. Ni mweupe, ni mzuri, na bado mbichi. Habari zake zinakuja mbele.

Risala iliyopitishwa na kamati ya mapokezi unayo mezani, chini ya chombo cha maua. Haina kosa hata moja. Tunakuomba uisome kwenye treni wakati wa kurudi, itakusaidia kulala. Hii tunayoisoma ni ile nyingine.

Ndugu wa kamati, kaeni tu. Mgeni anatazama.

HISTORIA FUPI YA KOLONIA YETU

Mgeni rasmi, kiwanda chetu kinatengeneza hariri bandia. Msonobari unaingia kwa mlango wa nyuma, unasagwa, unalowekwa kwenye dawa mpaka unakuwa uji mzito wa rangi ya asali, uji unapitishwa kwenye matundu madogo na kutumbukizwa kwenye matangi ya asidi, na kwa mlango wa mbele inatoka nguo ya ndani ya mwanamke. Wanaume waliobuni jambo hili walikuwa na akili nyingi na mawazo ya aina moja.

Baada ya vita, mitambo ilifunguliwa skrubu kwa skrubu ikapakiwa kwenye mabehewa kwenda mashariki, kwa marafiki ambao wakati ule ndio kwanza tulikuwa tunaanza urafiki nao. Tukabaki na kuta. Wanawake wa Kolonia walisafisha matofali kwa nyundo. Wanaume waliorudi wazima waliokota vipuri kwenye majalala ya wilaya tatu. Tukakijenga kiwanda upya. Mmoja wa waliojenga alikuwa Arno Zeidler, fundi mabomba, mume wa Hulda Zeidler ambaye watoto wote hapa, na hata sisi wazee, tunamwita Shangazi Hulda. Huyo ndiye aliyetufanya tusimame hapa leo.

Uji ule ukikutana na asidi hutoa gesi. Harufu yake ni ya mayai viza, mchana na usiku, Krismasi na Mei Mosi. Vijiko vyetu vya fedha ni vyeusi. Yai bovu hatulijui kwa pua, tunalijua kwa kulizamisha majini. Bibi harusi akiletwa hapa kutoka mbali hulia wiki ya kwanza, wiki ya pili huuliza, wiki ya tatu hasikii kitu tena, tunamhesabu kuwa mwenyeji.

Lakini gesi ile ina ujanja mmoja, na hapa tunaomba mgeni rasmi aweke kikombe chini asikilize. Ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Harufu inakatika ghafla kama mtu amefunga dirisha, na mtu huona raha. Raha hiyo ni dakika chache. Kisha huanguka.

Majira ya baridi ya mwaka hamsini na mbili, Arno alishuka na mwenzake kwenye shimo la mabomba chini ya ukumbi wa kusokotea. Mwenzake, aliyekuwa bado kwenye ngazi, alivutwa juu akapona, akatueleza. Alisema Arno alisimama, akavua kofia, akavuta pumzi ndefu, akasema: "Afadhali. Leo hewa nzuri."

Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Arno Zeidler. Hulda aliletewa kofia na maneno hayo.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na kamati imeyaorodhesha yote chini ya maua. Sisi tutataja yale tunayoyajua.

Baada ya Arno, kanuni ilibandikwa kila mahali, kiwandani, shuleni, kwa kinyozi, hata chooni. Inasema hivi: HARUFU IKITOWEKA GHAFLA, USITAFUTE SABABU. ONDOKA, PANDA JUU. Panda juu, kwa sababu gesi ile ni nzito, hutambaa chini kama maji. Chini ya kanuni kuna saini ya Ndugu Mkurugenzi, nzuri, yenye mkia mrefu.

Shangazi Hulda hakurudi ukumbini kusokota. Aliomba kazi chekechea, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta mikokoteni ya mbao iliyokuwa ikibeba viazi, akaipaka mafuta magurudumu, akaipanga uani imeelekea kilimani. Kila mwezi hufanya zoezi. Watoto wanalijua kuliko nyimbo. Mama mmoja alimwambia mwanawe nyumbani, "Njoo ule," mtoto akauliza, "Mkokoteni upi?" Chekechea yetu imepewa kikombe cha usalama kazini mara tatu, na picha ya Hulda ilitundikwa kwenye Njia ya Walio Bora, pale langoni, kati ya msokotaji bora na dereva bora wa winchi.

Mafanikio mengine ni kwamba tumeelimika. Kwa miaka saba akina mama wa Kolonia tulikuwa na ombi moja. Watoto hulala mchana, saa saba hadi saa nane, na hulala wakikohoa. Ukipita chini ya madirisha ya chekechea saa hiyo utadhani ni mkutano wa wavuta kiko. Tukaomba: zimeni mitambo saa moja tu, mchana, watoto walale. Tukaeleweshwa, kila mwaka kwa uvumilivu mkubwa, kwamba mitambo ya hariri haizimwi. Uji utaganda ndani ya mabomba. Mpango wa taifa utayumba. Ndugu Mkurugenzi mwenyewe alituambia, mkono kifuani: "Mama zangu, ningekuwa na uwezo ningezima kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Lakini haiwezekani. Ni kemia."

Tukaelewa. Kemia ni kemia. Tukaenda nyumbani kutengeneza sharubati ya vitunguu na sukari ya kutuliza kikohozi.

YALIYOTOKEA ALHAMISI

Mgeni rasmi, ulipotangaza kuja, tulifurahi, na uzio ukapakwa rangi.

Ulipakwa Jumanne, rangi nyeupe yenye madini ya risasi, makopo yaliyokuwepo stoo. Jumatano asubuhi ulikuwa na rangi ya jemu ya plamu. Gesi yetu na rangi ya risasi hazipatani. Zikikutana, nyeupe inakuwa nyeusi. Ukapakwa tena Jumatano. Jioni, jemu tena. Daktari Enders, mwanamke mrefu anayeongoza utafiti katika maabara utakayofungua leo, alimwambia Ndugu Mkurugenzi atumie rangi ya zinki, haigeuki. Akajibiwa kwamba rangi ya zinki iko kwenye mpango wa robo ya nne, na mgeni yuko kwenye mpango wa robo ya pili.

Ndipo Alhamisi, saa tano asubuhi, Ndugu Mkurugenzi akaamuru mitambo izimwe. Yote. Matangi yakafunikwa, uji ukasukumwa kwa maji ya moto ukatoka kwenye mabomba, haukuganda hata tone, hata moto wa nyumba ya mvuke ukapunguzwa. Wafanyakazi wakaambiwa ni matengenezo, wapake rangi wakiwa kimya. Kolonia hatukuambiwa. Chekechea, ambayo iko ng'ambo ya barabara tu, haikuambiwa.

Sasa tuingie ndani na Shangazi Hulda.

Saa saba na kitu. Watoto wamekula viazi na mchuzi wa haradali, wamelazwa kwenye vitanda vya turubai. Hulda ameketi kwenye kiti chake kifupi mlangoni, anashona kifungo. Kushona kwake kuna mdundo: sindano moja, kikohozi kimoja. Ghafla akajichoma kidole.

Hakujua kwanza kwa nini. Akatazama kidole, akatazama chumba. Ndipo akasikia. Hakuna aliyekohoa.

Watoto thelathini na sita, na chumba kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Akainuka. Akaenda kitanda cha kwanza, cha Henrike, mjukuu wa kinyozi, mtoto ambaye hajawahi kulala mdomo umefumba tangu azaliwe. Mdomo umefumba. Hulda akaweka kiganja karibu na pua ile ndogo. Pumzi ipo. Polepole, ndefu, kama ya mtoto mwingine.

Akavuta hewa mwenyewe. Hakuna kitu.

Akavuta tena. Hakuna. Si mayai, si salfa, si chochote. Dirisha lilikuwa wazi na hewa iliyoingia ilikuwa tupu, nyepesi, tamu kidogo. Na mwili wake, anasema, ukaona raha.

Hapo ndipo nywele zilipomsimama.

Akaenda jikoni kwa Trude mpishi, aliyekuwa amemaliza vyombo na kuketi miguu juu ya ndoo.

"Trude, nusa."

"Ninuse nini, mwenzangu? Nimepumzika."

"Nusa tu. Hewa."

Trude akanusa. Akashusha mguu mmoja. Akanusa tena, akashusha wa pili.

"Sisikii kitu."

"Hata mimi."

"Hulda, pengine ni upepo."

"Upepo uko wapi? Tazama pazia."

Pazia lilikuwa limening'inia kama ulimi wa mbwa aliyelala. Wakatazamana. Trude anasema hajapata kuona uso wa namna ile, kwa kuwa Hulda hakuonyesha hofu. Alisema tu, taratibu kabisa, kama anayesoma: "Leo hewa nzuri." Kisha akavuta mnyororo wa king'ora.

Mgeni rasmi, king'ora cha chekechea kimeunganishwa na cha kiwanda. Kilipolia, Kolonia yote iliinuka kama maziwa yanayochemka. Tulitoka tulivyokuwa. Kinyozi alitoka na wembe, mteja wake nyuma na sharubu upande mmoja. Mabwana wa tarumbeta waliokuwa wanafanya mazoezi ya kukulaki waliacha ngoma kubwa, ikajiviringisha peke yake hadi mtoni. Na kila aliyefika barabarani alivuta hewa, akakuta haina harufu, akakimbia mara mbili zaidi. Wengine tulikuwa tunalia. Mzee mmoja alibeba saa ya ukutani badala ya mkewe, na mambo yale bado hayajaisha nyumbani kwao.

Mbele yetu sote ilikwenda mikokoteni ya viazi, watoto wamepangwa ndani, nusu bado wamelala, Hulda akivuta wa kwanza, Trude wa mwisho, akina mama wa zamu ya usiku katikati na nguo zao za kulalia. Hakuna mtoto hata mmoja aliyedondoka. Hakuna aliyelia. Walidhani ni zoezi.

Na tuliposhika njia ya kilimani, sisi tulioanza kabla ya wengi, tulimkuta Ndugu Mkurugenzi ameshafika juu. Alikuwa na brashi mkononi na kiatu kimoja. Tunalitaja hili kwa heshima. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru mitambo izimwe, na hakuna Lindenroda aliyejua kuliko yeye kwamba gesi haipo. Hata hivyo king'ora cha Hulda kilipolia, alikimbia.

Tukakaa juu. Tukasubiri walioanguka waonekane. Hakuna aliyeanguka. Tuliona Kolonia yetu iko pale chini, na nyuma yake, kitu ambacho wadogo hawakuwa wamekiona: mnara wa kanisa la Oberau, na misitu, na milima ya buluu nyuma ya misitu. Watoto wakaamka mmoja mmoja. Henrike akapanua pua, akasema kwa kelele: "Shangazi! Nani amemwaga sabuni?"

Hakuna aliyemwaga sabuni. Ilikuwa miti ya linden. Imechanua. Mji wetu una jina la miti hiyo, na mtoto wa miaka mitano alidhani maua yake ni sabuni.

Hulda akakaa kwenye nyasi, mkono bado umeshika mpini wa mkokoteni. Akasema: "Kumbe ndivyo Juni inavyonukia."

Daktari Enders akafika juu na baiskeli, anahema.

"Rudini chini, ndugu zangu. Hakuna gesi. Wamezima."

"Wamezima nini?" Hulda akauliza.

"Mitambo."

"Haizimwi ile. Uji unaganda."

"Haukuganda."

"Basi wamezima kwa nini?"

Daktari Enders alimtazama Ndugu Mkurugenzi. Ndugu Mkurugenzi akautazama mguu wake usio na kiatu.

"Kwa ajili ya rangi," Daktari akasema.

"Rangi gani?"

"Ya uzio."

Mgeni rasmi, tumekuwa na vita hapa. Tumekuwa na njaa. Tulidhani vitu vya kutushtua vimekwisha. Kimoja kilikuwa kimebaki. Akina mama waliangaliana, kila mmoja na mtoto wake mapajani ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amelala mchana bila kukohoa, na kila mmoja akafikiria sentensi ileile, na aliyeitamka ni Hulda.

"Kwa ajili ya uzio," akasema, si kwa hasira, bali kama anayejaribu kutamka neno la kigeni. "Kumbe inazimika."

CHANGAMOTO

Changamoto zetu ni kama zifuatazo.

Uzio uligeuka mweusi Ijumaa, mara mitambo ilipowashwa. Ndugu Mkurugenzi alitumaini rangi ikishakauka haitageuka. Inageuka. Kwa hiyo imepakwa upya leo alfajiri, na mitambo imezimwa tangu jana jioni. Safari hii Kolonia tumeambiwa. Kipaza sauti kilitangaza kwamba, kutokana na hali nzuri ya hewa, wananchi wanaweza kuona harufu imepungua, nao wasikimbie. Tunashukuru. Hii unayovuta sasa, mgeni rasmi, na kusema ni hewa safi ya mashambani, ni hali nzuri ya hewa.

Changamoto ya pili ni Shangazi Hulda.

Jumamosi aliitwa mbele ya kamati. Alishtakiwa kueneza hofu, kuharibu maandalizi ya kitaifa, na kupoteza ngoma. Sisi tulikaa nyuma.

"Kwa nini hukuhakikisha kwanza?" Ndugu Mkurugenzi akauliza. "Ungenusa kitunguu tu. Mtu asiyesikia gesi kwa kuwa pua imekufa hawezi kusikia kitunguu. Jikoni vitunguu vimejaa."

"Vimejaa, ndugu."

"Sasa?"

"Kitunguu kingechukua muda, na watoto ni thelathini na sita."

"Nusu dakika, Bibi Zeidler!"

"Kanuni yako haina nusu dakika. Inasema usitafute sababu. Kitunguu ni kutafuta sababu."

Kutoka nyuma Trude mpishi akasema: "Na Ndugu Mkurugenzi alinusa kitunguu gani kabla hajapanda kilima?" Tulicheka mpaka benchi likaanguka, tukatolewa nje.

Kilichoendelea ndani hakikuwa cha kuchekesha. Hulda ameondolewa chekechea. Amepewa kazi ya kuosha vigurudumu vya nyuzi kwenye ghorofa ya chini. Picha yake imetolewa kwenye Njia ya Walio Bora, pale kati ya msokotaji na dereva wa winchi pamewekwa chungu cha begonia. Umeisifia begonia hiyo ulipopita, tulikuona. Na Jumatatu ijayo anatakiwa kwa mwendesha mashtaka wa wilaya. Huko neno si "hofu" tena. Neno ni "hujuma," na mtu wa hujuma harudi nyumbani jioni.

Tumejaribu kulielewa jambo hili kama tulivyoelewa kemia. Mwanamke alifundishwa kanuni. Aliijua kwa gharama ya maisha ya mumewe. Aliitii. Aliwapandisha watoto wetu juu bila jeraha, akatuamsha sote, na angekuwa sahihi tungekuwa leo tunampa medali, wale tuliobaki. Kosa lake ni kwamba hatukufa.

Hili ndilo linalotuchanganya vichwa. Kulala hatulali, na safari hii si kwa kikohozi.

MAOMBI

Kamati ina maombi kumi na mawili, yakiwemo baiskeli za michezo. Sisi tuna moja, na mengine ya kulisindikiza.

Daktari Enders na wenzake wa utafiti wamebuni mnara wa kuosha moshi. Unaikamata gesi na kutoa salfa, unga wa njano safi, unaouzika. Umesimama mezani maabarani, mdogo kama birika, unafanya kazi. Mkubwa unangoja mabomba, na mabomba yanangoja mpango. Utauona leo ukikata utepe. Tafadhali usiupite haraka.

Tunaomba pia saa ya usingizi wa watoto, kwa kuwa sasa tunajua.

Lakini hayo yanaweza kungoja, tumezoea. Lisiloweza kungoja ni Jumatatu. Tunaomba Shangazi Hulda arudishwe kwa watoto, na kesi yake ifutwe kwa sauti ileile ya kipaza sauti iliyotangaza hali ya hewa. Ikiwa haiwezekani, basi tunaomba kanuni ibanduliwe kwenye kuta zote leo hii, na mwenye saini aibandue kwa mkono wake, ili tujue tangu sasa kwamba harufu ikitoweka tunapaswa kukaa na kufurahi.

Na kwa sababu hatutaki uamue kwa maneno ya wanawake peke yake, tuna ombi dogo la ratiba. Ratiba inasema mgeni rasmi ataondoka saa tisa alasiri. Tumeulizia stesheni, kuna treni nyingine jioni. Mitambo inawashwa saa kumi. Tunakuomba ubaki. Kaa pale kwenye benchi lililo chini ya madirisha ya chekechea, kahawa tutaongeza. Saa kumi na nusu utavuta hewa. Tazama uzio unavyobadilika. Sikiliza madirisha. Kisha, wakati bado una harufu hiyo kwenye koti, utuambie: ikikatika ghafla, wewe utatafuta kitunguu?

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatuna zaidi. Wale kati yetu wanaoomba kwa Mungu watakuombea safari njema; wasioomba watakutakia hivyo hivyo kwa sauti ya chini zaidi. Mapafu yako yaendelee kuwa ya Berlin. Watoto wako walale midomo imefumba.

Ukigeuka taratibu, nyuma ya wapiga tarumbeta, kwenye ua wa chekechea, utamwona mwanamke mwenye aproni ya buluu. Hakualikwa. Alipaswa kuwa ghorofa ya chini na vigurudumu. Lakini tangu asubuhi hakuna harufu. Tumemwambia: "Hulda, safari hii imetangazwa, wamezima, ni hali nzuri ya hewa." Akajibu kwamba maneno hayo aliwahi kuletewa, pamoja na kofia. Mikokoteni ameipaka mafuta, ameielekeza kilimani, mkono wake uko kwenye mpini wa kwanza. Tumepanga viti vyetu hivi unavyoviona, mgeni rasmi, ili njia ibaki wazi. Viti vya ndugu wa kamati pia. Cha Ndugu Mkurugenzi tumekiweka mwanzoni kabisa mwa njia, tukijua mbio zake.

Chako kipo karibu nacho.

Ni sisi,
Wakazi wa Kolonia ya Wasokotaji, Lindenroda,
pamoja na akina mama wa zamu zote tatu.
Imesomwa kwa niaba yao na Alwine Petzold, msokotaji mstaafu.